Gari Lililozima Mlimani: Kubadili Mfumo wa Mafuta katika Gari Kuukuu

Utangulizi

Barabara itokayo Masasi kwenda Newala huanzia katika nchi tambarare yenye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja, kisha huupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Mji wa Newala umejengwa karibu na ukingo huo, mita mia kadhaa juu ya bonde la mto Ruvuma. Reli ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, ilifungwa katika miaka ya 1960. Tangu hapo korosho zishukazo kutoka uwandani, pamoja na unga, saruji na dawa zipandazo huko, hutegemea magari. Gari lishindwalo kupanda mlima huo si usumbufu wa dereva peke yake. Nyuma yake wapo watu wanaosubiri.

Shule moja ya sekondari huko uwandani ilikuwa na Land Rover ya muundo wa Series III, gari la aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Gari hilo lilishuka Masasi bila shida, likajazwa petroli, likapakiwa chakula cha wanafunzi, na likarudi. Lakini lilipofika mlimani lilizima. Baada ya nusu saa liliwaka tena, likaenda kidogo, likazima. Usiku mmoja lilizima likiwa na wanafunzi nyuma, mmoja wao akirudishwa kutoka hospitali. Breki za magari mengi husaidiwa na injini, na injini ikizima kanyagio huwa gumu. Kwa hiyo gari lizimalo katikati ya mlima laweza kurudi nyuma na kuua.

Shule ilinunua kabureta mpya, gari likazima. Ilinunua pampu mpya, gari likazima vilevile. Fedha za vifaa hivyo viwili zilikuwa nyingi, na hazikuleta nafuu yoyote. Hapo ndipo mwandishi wa makala haya alipoombwa kusaidia, na hapo ndipo alipofanya kosa lake mwenyewe, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mfumo wa mafuta wa injini ya petroli unavyofanya kazi, kwa nini hushindwa, na jinsi ya kuubadili kwa utaratibu. Kanuni zitakazotumika ni zile zile zifundishwazo katika fizikia na kemia ya sekondari.

Hesabu ya petroli na hewa

Petroli ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi. Kwa urahisi wa hesabu, tuichukue kana kwamba yote ni okteni. Mwako kamili wa okteni huandikwa hivi:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Mwanafunzi akijumlisha tungamo za atomi ataona kwamba gramu 228 za okteni huhitaji gramu 800 za oksijeni. Oksijeni ni asilimia 23 hivi ya tungamo la hewa. Kwa hiyo zahitajiwa gramu 3,450 za hewa, yaani mara 15 ya tungamo la mafuta. Kwa petroli halisi uwiano huo ni 14.7. Lita moja ya petroli ina tungamo la kilo 0.74 hivi, itahitaji karibu kilo 11 za hewa, ambazo ni mita za ujazo 9. Kwa maneno mengine, kila lita ya petroli huliwa pamoja na lita 9,000 za hewa.

Hii ndiyo kazi ya mfumo wa mafuta: kuipatia hewa ipitayo petroli kwa kipimo, kila dakika, gari likienda polepole au kwa kasi. Petroli ikizidi, injini hutoa moshi mweusi na plagi huota masizi. Ikipungua, injini huchemka, hukosa nguvu, na mwisho huzima.

Safari ya petroli

Katika gari letu la mfano petroli hukaa ndani ya tangi la lita 45 hivi lililo chini ya kiti. Kutoka hapo hupita katika bomba jembamba la chuma, hupita kwenye chujio, na kufika kwenye pampu iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya pampu kuna kiwambo kinachovutwa na kuachiwa na mkono unaosukumwa na kemshafti. Kiwambo kikivutwa, kanieneo, yaani msukumo juu ya kila kipande cha eneo, hupungua ndani ya pampu. Hapo hewa iliyomo tangini husukuma petroli mbele. Msomaji aliweke jambo hili moyoni: pampu haivuti petroli kama mtu avutavyo kamba. Pampu hupunguza kanieneo upande wake tu, na ni hewa ya tangini ifanyayo kazi ya kusukuma.

Kutoka pampuni petroli huingia katika kabureta, kwenye kijichumba chenye boya. Kijichumba kikijaa, boya huinuka na kusukuma sindano inayoziba mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Ni sawa kabisa na boya la tangi la maji la chooni.

Kutoka kijichumba hicho petroli huvutwa kwenye koo la kabureta. Koo ni mahali ambapo njia ya hewa imebanwa. Hewa ikipita penye wembamba huongeza kasi, na kwa kanuni ya Bernoulli, iliyochapishwa mwaka 1738, penye kasi kubwa kanieneo hupungua. Tuseme injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika, na silinda zake zinajaa asilimia 80 kila zinapovuta hewa. Itapitisha karibu lita 2,700 za hewa kwa dakika. Kama kipenyo cha koo ni milimita 28, kasi ya hewa hapo ni mita 74 hivi kwa sekunde, na kanieneo hupungua kwa paskali 3,300. Kiasi hicho ni kama sehemu moja ya thelathini ya kanieneo ya hewa, lakini chatosha kuinua petroli kwa sentimita 45. Petroli hupita katika tundu dogo liitwalo jeti, hutawanyika kuwa matone madogo sana, na kwenda silindani pamoja na hewa.

Je, ni hewa nyembamba ya mlimani?

Mwandishi alipoambiwa kwamba gari huzima mlimani tu, alijibu haraka kwamba huko juu hewa ni nyembamba, na kabureta iliyorekebishwa chini hutoa petroli nyingi mno. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na hupendeza masikioni. Hesabu, hata hivyo, ililikataa.

Msongamano wa hewa hupungua kwa asilimia moja hivi kwa kila mita 100 za kupanda. Tuseme gari limepanda mita 500. Hewa imepungua kwa asilimia 5. Kabureta nayo huongeza utajiri wa mchanganyiko kwa nusu tu ya kiasi hicho, yaani asilimia 2.5. Injini itapoteza nguvu kidogo, na dereva hodari atalitambua hilo, lakini injini haizimi kwa sababu ya asilimia 2.5. Isitoshe, kama hewa nyembamba ingekuwa sababu, gari lingesumbua zaidi ndani ya Newala, mahali palipo juu kabisa. Huko lilikwenda vizuri siku zote.

Mwandishi hana budi kukiri kwamba wanafunzi wawili wa kidato cha tatu ndio waliotaja hoja hii ya mwisho kabla yake.

Mlima unadai nini?

Kama si kimo, basi ni kupanda kwenyewe. Tupime. Gari na mzigo vina jumla ya kilo 2,000. Mteremko ni wa mita 8 kwa kila mita 100, na mwendo ni kilometa 30 kwa saa. Kuinua tungamo hilo peke yake kwahitaji kilowati 13. Tukiongeza ukinzani wa barabara ya changarawe na upotevu ndani ya gia, injini haina budi kutoa kilowati 20 hivi. Injini ya namna hii hugeuza chini ya robo ya nishati ya petroli kuwa kazi. Kwa hiyo petroli iunguayo lazima itoe kilowati 90. Lita moja ina nishati ya kilojuli 32,000. Jibu ni lita 0.17 kwa dakika, au lita moja kila dakika sita. Penye tambarare, kwa mwendo ule ule, gari lingetosheka na kati ya theluthi na nusu ya kiasi hicho.

Basi mlima hauleti ugonjwa mpya. Hufichua udhaifu uliokuwapo. Mfumo uwezao kupitisha lita 0.1 kwa dakika utaonekana mzima kabisa kutoka Masasi hadi chini ya mlima. Ukidaiwa lita 0.17, kijichumba cha boya kitakauka polepole, na injini itazima. Kwa hiyo swali sahihi la kujiuliza ni hili: kati ya tangi na kabureta, petroli inazuiwa wapi?

Sheria ya Boyle ndani ya tangi

Dereva wa gari lile alikuwa ameona jambo ambalo hakulitilia maanani: gari lilizima mapema zaidi siku tangi lilipojazwa kuliko siku lilipokuwa nusu. Kwa akili ya kawaida jambo hili ni kinyume. Kwa mwanafizikia ndiyo alama ya nyayo iliyoachwa na mwizi.

Mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea zamani. Mahali pake pamefungwa kipande cha nailoni kilichokazwa kwa utepe wa mpira wa tyubu. Mfuniko halisi huwa na kitundu kidogo cha kuingizia hewa, nailoni haina. Petroli ikitoka na hewa isipoingia, hewa iliyomo hutanuka ili kujaza nafasi, na kwa sheria ya Boyle, iliyotangazwa mwaka 1662, ujazo ukiongezeka kanieneo hupungua.

Tangi likijazwa Masasi, hufika chini ya mlima likiwa na lita 40 hivi za petroli na lita 5 za hewa. Injini ikitumia lita moja bila hewa kuingia, lita 5 za hewa zitatanuka kuwa 6, na kanieneo itashuka kutoka kilopaskali 100 hadi 83. Tangi likiwa nusu, lina lita 23 za hewa. Lita moja ikitumika, lita 23 zinakuwa 24, na kanieneo hushuka hadi 96 tu. Mvuke wa petroli huziba sehemu ya upungufu huo, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kukadiria, lakini uwiano wake ni wa kweli. Tangi lililojaa hukosa pumzi upesi kuliko tangi lililo nusu.

Mbona gari halikuzima penye tambarare? Kwa sababu nailoni haikuziba kabisa. Hewa kidogo ilipenya pembeni, na penye tambarare kidogo hicho kilitosheleza matumizi. Mlimani matumizi yaliongezeka maradufu au zaidi, hewa ikashindwa kuingia kwa kasi ile, na pampu, hata ile mpya, ikakosa kitu cha kuisukumia petroli. Na mbona gari liliwaka baada ya kupumzika? Kila lilipozima, dereva alifungua nailoni ili atazame kama petroli imekwisha. Alisikia mvumo wa hewa ikiingia, akaona petroli ipo, akafunga, akawasha. Alikuwa analiponya gari kwa mkono wake mwenyewe bila kujua.

Kubadili mfumo: anza tangini

Mfuniko mpya wenye kitundu uliondoa kuzima kule. Lakini gari bado lilikwenda kwa kukwamakwama, na kabureta mpya ilikuwa tayari na chembe za kutu kwenye sindano. Sababu ni rahisi: kabureta mpya ilikuwa ikinywa kutoka tangi la zamani. Ndipo ilipoamuliwa kubadili mfumo mzima. Utaratibu uliofuatwa ni huu, na wafaa kwa gari lolote la petroli la zamani.

Kwanza, tangi. Tangi lisilojaa huwa na hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka matone. Maji yana msongamano mkubwa kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, mahali hasa ulipo mdomo wa bomba la kutolea. Hapo chuma hushika kutu na magamba yake huanza safari kuelekea kabureta. Tangi lenye kutu kidogo laweza kuoshwa. Lililoliwa sana libadilishwe. Lisichomelewe kamwe, kwa sababu itakayoelezwa baadaye.

Pili, bomba. Daktari Mfaransa Poiseuille alionyesha katika karne ya 19 kwamba, kwa mtiririko wa polepole, kiasi cha kimiminika kipitacho bombani hutegemea kipenyo kilichopandishwa kwa kipeo cha nne. Kipenyo kikipungua kuwa nusu, mtiririko huwa sehemu moja ya kumi na sita. Kikiwa robo, huwa sehemu moja ya 256. Ndiyo maana bomba lenye kutu huvumilia kwa miaka bila dalili, kisha hushindwa ghafla. Bomba jipya lifungwe mbali na eksosi. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, na huchemka upesi zaidi penye kanieneo ndogo, kama ndani ya bomba linalovutwa na pampu. Mapovu ya mvuke yakijaa bombani, pampu hubaki ikisukuma mvuke badala ya petroli.

Tatu, mipira ya kuungia. Mpira wa asili wenyewe ni hidrokaboni, na petroli huupenya, huuvimbisha na kuulainisha. Mpira wa tyubu ya baiskeli au wa kumwagilia bustani hautadumu, na ukipasuka juu ya eksosi ya moto gari litaungua. Utumike mpira uliotengenezwa kwa petroli, ukazwe kwa vibanio vya chuma.

Nne, chujio. Liwe kabla ya pampu, na afadhali liwe la kuonekana ndani ili fundi atazame uchafu bila kulifungua. Kitambaa cha pamba si chujio, kwa kuwa nyuzi zake hung'oka na kuziba jeti.

Tano, pampu. Ipimwe kabla ya kununua nyingine. Plagi zikatiwe umeme, mpira uingiao kwenye kabureta uchomolewe na kuelekezwa kwenye chupa, na injini izungushwe kwa stata. Injini ya ukubwa huu, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, hutumia theluthi moja ya lita kwa dakika. Pampu isiyoweza kutoa kiasi hicho kwa wepesi haifai. Wapo wanaopendelea pampu ya umeme iliyofungwa karibu na tangi. Faida yake ni kwamba husukuma badala ya kuvuta, hivyo petroli haichemki bombani kwa urahisi. Lakini lazima iwe na swichi ya kuikata injini inapozima. Bila hiyo, gari likipinduka pampu itaendelea kumwaga petroli.

Sita, kabureta. Jeti isafishwe kwa hewa ya pampu, kamwe isichokolewe kwa waya. Jeti ya milimita 1.2 ikikwaruzwa mpaka ikafika 1.3, eneo lake huongezeka kwa asilimia 17, na mchanganyiko wa 14.7 huwa 12.5. Gari litakunywa mafuta kupita kiasi, na mwenyewe atailaumu injini.

Baada ya yote, injini iwashwe, kila kiungo kikaguliwe kama kinavuja, na baada ya safari plagi zichunguzwe. Rangi ya hudhurungi ni njema. Nyeusi ni dalili ya petroli nyingi. Nyeupe ni dalili ya petroli chache.

Hatari ya mvuke

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo huwaka ukiwa takriban asilimia 1 hadi 8 ya hewa. Ukiwa chini ya hapo ni mchache mno, ukiwa juu ya hapo oksijeni haitoshi. Tangi lililojaa petroli lina nafasi ndogo ya mvuke. Tangi tupu limejaa mvuke na hewa. Kijiko kimoja cha chai cha petroli, kikigeuka mvuke ndani ya tangi la lita 45, hutoa mchanganyiko wa asilimia 2, nao ni mlipuko unaosubiri cheche. Kwa hiyo tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, na fundi anayechomelea tangi la petroli kwa sababu ni tupu anaweka rehani maisha yake na ya watazamaji.

Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa. Hauendi juu, hutambaa chini, huingia shimoni, na waweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali. Kazi hii ifanywe nje, betri ikiwa imekatwa, na mchanga ukiwa karibu. Taifa lilijifunza kwa machozi tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na mlipuko uliofuata ukaua zaidi ya watu 100.

Jambo jingine ni desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo. Tone dogo likiingia mapafuni huweza kuleta homa ya mapafu ya kuua. Aliyemeza petroli asitapishwe, maana akitapika ndipo itakapoingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Petroli ilalayo na petroli iliyochanganywa

Wakulima wa korosho wa Masasi na Newala wanazo injini ndogo za petroli, yaani mashine za mgongoni za kupulizia salfa dhidi ya ubwiri. Mashine hizo hufanya kazi kwa miezi michache, kisha huwekwa ghalani mpaka msimu ujao, mara nyingi petroli ikiwa ndani ya kabureta. Sehemu nyepesi za petroli hupotea kwa kugeuka mvuke, na zilizobaki huungana na oksijeni na kuwa utomvu unaonata. Msimu ukifika, jeti imeziba. Dawa yake haina gharama: mwisho wa msimu mashine ifungiwe petroli na iachwe ingurume mpaka izime yenyewe. Gari kuukuu lililolala miaka mingi lina ugonjwa huo huo, na petroli yake yote imwagwe katika chombo salama kabla ya kuwasha.

Petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia huleta vumbi na maji. Uchanganyaji wa mafuta ya taa nao ulikuwa tatizo kubwa nchini, hata mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya wachanganyaji. Mafuta ya taa hupunguza namba ya okteni ya petroli, na injini hugonga.

Ifahamike pia kwamba injini za miaka ile zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006 kwa kuwa hudhuru ubongo wa watoto. Risasi ilikuwa ikilinda pia viti vya vali. Anayefufua injini ya zamani ataweka viti vigumu zaidi siku atakapofungua kichwa cha injini.

Wanafunzi wa Mtwara huuliza kuhusu gesi asilia, nao wana haki, kwani gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mkoani mwao mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Huko magari mengi yamefungwa mfumo wa gesi: mtungi imara wenye kanieneo ya mara 200 hivi ya ile ya hewa, kirekebisho cha kuipunguza, na kichanganyio. Petroli na gesi hufuata kanuni moja ya mwako. Lakini kazi hiyo ni ya mafundi waliofundishwa na vifaa vilivyopimwa, na gari lahitaji kituo cha kujazia lifikapo.

Hitimisho

Gari lile la shule lilipanda mlima likiwa na tangi jipya, bomba jipya, mfuniko wenye kitundu, na kabureta na pampu zile zile zilizolaumiwa. Mfuniko ndio uliokuwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Kama tangu mwanzo mtu angeuliza ni kwa nini tangi lililojaa huzima mapema, fedha za shule zingenunua vitabu.

Kubadili kifaa bila kupima ni kubahatisha, na kubahatisha ni ghali zaidi kwa wasio na fedha. Katika mfumo wowote ambamo kitu hutiririka, uwe wa petroli, maji au umeme, anza kwenye chanzo, fuata njia, na pima kila hatua. Utaratibu huu hauhitaji maabara. Unahitaji chupa, saa, na subira ya kumsikiliza dereva.

Jaribio la darasani (kwa maji, si kwa petroli)

Chukua chupa ya plastiki ngumu, au ya kioo, yenye mfuniko. Toboa mfuniko na upitishe mrija ufikao karibu na kitako cha chupa. Ziba pembeni kwa nta. Jaza maji mpaka ibaki nafasi ndogo, kisha vuta maji kwa mrija mpaka yakatae kutoka. Rudia jaribio maji yakiwa nusu ya chupa. Kisha toboa tundu dogo mfunikoni na urudie tena.

Maswali

1. Ni katika hali ipi kati ya hizo tatu maji yalikataa kutoka mapema zaidi? Eleza kwa sheria ya Boyle.

2. Tangi la lita 60 lina lita 50 za petroli na halipitishi hewa. Tafuta kanieneo ya hewa iliyomo baada ya lita 2 kutumika, ikiwa mwanzoni ilikuwa kilopaskali 100. Usihesabu mvuke.

3. Gari huzima kila lifikapo mlimani, lakini kufungua mfuniko wa tangi hakuleti nafuu. Taja sehemu utakazozipima, kwa utaratibu, na sababu ya kila moja.